Pacha wa Yaya

Kila Imogen alipoinua macho kutoka kwenye karatasi zake, alimkuta Callum akimtazama.

Imogen alikuwa chini, kwenye kiti cha mkumbushaji pembeni mwa jukwaa, pale ambapo watazamaji hawaoni. Kazi yake ilikuwa kufuata mchezo mstari kwa mstari na kumnong'oneza anayekwama. Callum alikuwa juu, kwenye daraja la mbao, akivuta kamba za mapazia yaliyochorwa. Akishusha msitu, anamtazama. Akipandisha kasri, anamtazama. Lakini macho yao yakikutana, Callum ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakimbiza yake. Hilo ndilo lililomtia Imogen wasiwasi. Mwanamume aliyekuomba akuoe, ambaye baada ya Mwaka Mpya mnahamia naye Glasgow, ulikopata kazi ya kuandika michezo, kwenye chumba kilicho juu ya duka la maua, haoni haya kukutazama usoni.

"Ameanza kukuchoka," moyo ulimwambia.

"Nyamaza," aliujibu, akarudi kwenye karatasi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, zoezi la mwisho lenye mavazi kamili. Mvua ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa ikilipigapiga paa la ukumbi wa Jubilee kama mtu aliyesahau ufunguo. Kesho yake saa nane mchana ukumbi huo ungejaa watoto wa mji mdogo wa Ramsclough na bibi zao, peremende mifukoni na koo tayari kwa kupiga kelele, kwa sababu hapo mjini Krismasi haihesabiwi kuwa imefika mpaka mchezo uchezwe.

Mwaka huo waliichagua ile hadithi ya kale ya binti mfalme aliyejichoma kidole akalala miaka mia. Imogen ndiye aliyeigeuza kuwa mchezo, na kuigeuza si kuinakili. Mchezo wa Krismasi una desturi zake. Mtoto wa mfalme huchezwa na mwanamke mwenye buti ndefu, ajipigaye paja kila akitaja neno ushujaa. Mchawi huingia kutoka kushoto na mwema huingia kutoka kulia. Na lazima awepo mama mmoja mnene, mwenye kifua cha mito na midomo ya kutukana watu kwa upendo, na mama huyo lazima awe mwanamume. Katika hadithi ya kale hayumo. Imogen alimzua mwenyewe, akampa kazi ya kumlea binti mfalme, akamwita Yaya Pudini. Na Ramsclough nzima ilijua, kabla hajaandika hata neno moja, kwamba Yaya angekuwa Mzee Stanley Ormerod, tarishi mstaafu wa posta, baba yake Callum, kama vile kabla ya Stanley alivyokuwa baba yake Stanley.

Hapo jukwaani Mzee Stanley alikuwa amevaa gauni la rangi ya nyanya na wigi iliyosimama kama keki.

"Nimezificha sindano zote za kasri hili!" alipayuka kwa sauti nyembamba ya Yaya. "Hakuna atakayeziona! Nimezificha… nimezificha…"

Alikwama.

"Chini ya godoro la mfalme," Imogen alinong'ona.

Stanley aligeuka polepole, akakitazama kile kiti cha pembeni. "Margaret," alisema, "si nimekwambia usinifuate kazini?"

Wachezaji wote waliangua kicheko. Mena, muuza mikate aliyekuwa akicheza mtoto wa mfalme, alijipiga paja hadi buti ikalia. "Huyu mzee ana kisima cha vichekesho tumboni! Imogen, hilo liandike, tulibakize kesho!"

Imogen naye alicheka. Alikuwa amecheka hivyohivyo tangu Oktoba. Kila Stanley alipokwama, aliibuka na neno ambalo halikuandikwa, na kila alipoibuka nalo watu walishika mbavu. Mahali ambapo kusahau ni mzaha, anayesahau kwelikweli atajulikanaje? Ila safari hii aliacha kucheka kabla ya wenzake. Margaret lilikuwa jina la mke wa Stanley, mamake Callum, na Margaret alikuwa na miaka minne kaburini. Mtu hawezi kulifanyia mzaha jina hilo. Si Stanley.

Mchezo ulisonga. Binti alilala, msitu ukaota, Mena akaufyeka kwa upanga wa bati, binti akaamka. Harusi ikapangwa jukwaani, na Stanley akaja mbele kuufunga mchezo.

Sasa, mistari miwili ya mwisho ya mchezo wa Krismasi, ile yenye vina, haisemwi kabla ya siku yenyewe. Anayeufunga mchezo hufika pale, akasema "na kadhalika, na kadhalika," akainama, watu wakaenda kunywa chai. Mchezo uliokamilishwa mbele ya viti vitupu umejilaani. Mlinzi mkubwa wa mwiko huo katika mji mzima alikuwa Stanley mwenyewe. Alishawahi kumfukuza mpiga ngoma aliyeinong'ona mistari hiyo chooni. Imogen alipomkabidhi ya mwaka huu, mzee aliisoma kwa macho tu, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa.

Stanley alitandaza mikono. Akavuta pumzi. Akasema, wazi, bila kukwama hata kidogo:

"Usingizi umekwisha, mapenzi yameamka;
Pazia tunalishusha, mwaka mwema wawafika!"

Halafu akainama, akasubiri makofi.

Bi Edna, dada yake Stanley, ambaye ndiye aliyekuwa mwongozaji, mshonaji na mpika chai wa kundi lile, alikuwa na pini mdomoni, na zikaanza kumdondoka moja moja.

"Mzee," Mena alisema kwa sauti ndogo. "Umeisema."

"Nimesema nini?" Stanley alinyoosha mgongo, akaangaza macho kwenye viti vitupu, safu kwa safu. Sauti ya Yaya ilikuwa imemtoka, ikabaki yake mwenyewe. "Mbona wamekwisha kwenda? Watoto wote wamekwenda? Sikuwapa hata peremende zao."

Imogen aliinua macho juu kwenye daraja la mbao. Kila mtu pale ukumbini alikuwa ameshtuka, ila mmoja. Callum alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea kamba, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na mgeni aliyekuwa akimsubiri siku nyingi.

Ndipo Imogen alipojua kwamba hakuwa amechokwa. Alikuwa amefichwa jambo.

*

Alimkuta Callum kwenye stoo ya maleba, kati ya mabawa ya malaika na vichwa vya farasi vya karatasi.

"Tangu lini?"

"Imogen, si hapa."

"Tangu lini, Callum?"

"Pasaka." Alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Alipotea akirudi kutoka dukani. Mtu aliyepeleka barua mji huu maisha yake yote, akapotea mtaa wa pili kutoka kwake. Daktari alituambia jina la ugonjwa huo wa kusahau, na akatuambia hautarudi nyuma."

"Kwa hiyo Septemba, uliponishika mikono pale kilimani ukaniambia twende wote, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na juzi juzi uliponiambia umeaga kwenye karakana ya useremala?"

Callum alikitazama kile kitambaa.

"Callum. Umeaga karakana?"

"Sijaaga."

Imogen alikaa juu ya sanduku. "Nilinunua mapazia," alisema. "Ya kile chumba cha Glasgow. Uliyapima wewe. Ulisimama dukani na futi mkononi, ukabishana na muuzaji."

"Nilikuwa nataka yawe kweli."

"Usinifanye nikuonee huruma!"

"Aliniapisha, Imogen. Alilia. Unamjua baba yangu, umewahi kumwona akilia? Akasema, niache nimalize mchezo mmoja tu watu wakinicheka kwa sababu mimi ni mchekeshaji. Usimwambie mtu."

"Kwa hiyo mimi ni mtu."

Callum alikuja akapiga magoti mbele yake. Alinuka vumbi la kamba na sabuni ile ya karakana, harufu ambayo Imogen alikuwa ameizoea mpaka kwenye mto wake. "Kila ukitaja Glasgow uso wako unawaka. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikifika, unakuja umeandika ukurasa mpya, unanisomea, unacheka mwenyewe kabla hujafika kwenye kichekesho. Ningekuzimaje?"

"Ulinipenda kwa kunidanganya."

"Nilikudanganya kwa kukupenda. Hata sijui tena tofauti yake."

Mvua iliendelea na paa lake. Imogen alimshika uso kwa mikono miwili. Alijua atakalolisema kabla hajalisema, na alijua litamgharimu nini, na hata hivyo lilimtoka jepesi.

"Basi nitabaki. Leo hii nitawapigia simu Glasgow niwaambie wamtafute mwandishi mwingine. Tutamtunza wote wawili."

"Hapana."

"Si wewe wa kunikataza!"

"Najua. Nakuomba." Aliishusha mikono ya Imogen taratibu, moja baada ya nyingine. "Utabaki, na utakuwa mwema, maana wewe ni mwema kupita kiasi. Utamvalisha soksi. Utamjibu swali lilelile mara mia na hutanuna. Halafu siku moja utasoma gazetini kwamba mchezo wa mtu fulani umepokewa vizuri Glasgow, na utaniangalia. Mara moja tu. Na mimi nitaona."

"Hujui nitakavyokuangalia."

"Nayajua macho yako kuliko ninavyozijua kamba zangu."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Alikuwa Bi Edna, mikono kiunoni.

"Mmemaliza? Maana kuta za hapa ni mbao, na Mena amesikia yote, na Mena akisikia hata wafu wa mji huu wameshasikia." Alimgeukia Imogen. Bi Edna akipendezwa na mtu alimwita "mwanangu". Asipopendezwa alikuwa na neno jingine. "Sikia, bibie. Sina ugomvi nawe. Umeandika vizuri. Lakini tangu siku ya kwanza nilimwambia huyu: mgeni ni mgeni. Anakuja na sanduku, anaondoka na sanduku."

"Nimekaa hapa miaka mitano, Bi Edna."

"Na mpaka leo ukialikwa kwangu unakula pai yangu kwa kisu na uma badala ya mikono, kama unaipasua kutafuta ugonjwa. Miaka mitano!" Kisha sauti yake ilishuka. Alitazama chini, akaokota manyoya ya bawa la malaika, akayapachika mahali pake. "Kesho kaka yangu hapandi jukwaani. Nimeamua. Sitauacha mji mzima umwone akiulizia watoto waliokwenda. Nitampata mtu wa kusoma maneno ya Yaya kwenye karatasi."

"Ukimtoa utamuua, shangazi," Callum alisema.

"Na nikimwacha nitamwaibisha. Wewe unalo la tatu?"

Callum alimtazama Imogen.

*

Mzee Stanley alikuwa kwenye chumba cha kujipamba, peke yake mbele ya kioo, wigi mapajani. Alikuwa amefuta rangi upande mmoja wa uso. Upande wa pili bado ulikuwa Yaya, shavu jekundu na ukope wa bandia.

"Ingia, mwandishi," alimwambia Imogen kupitia kioo. "Wameniambia nimeisema ile mistari. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee Stanley."

"Niliisema vizuri?"

"Vizuri sana."

"Afadhali." Alitabasamu kwa upande wa mzee, upande wa Yaya ulikuwa unatabasamu tangu asubuhi. "Edna anataka kunitoa. Hajaniambia, lakini amenipikia chai na kuweka sukari tatu. Edna akikuwekea sukari tatu, jua umefiwa."

Imogen alicheka, machozi yakamtoka kwa mlango huohuo wa kicheko.

"Usilie, utanilowesha gauni. Nisikilize sasa hivi, wakati taa inawaka, maana siku hizi inazimika bila kuaga." Alimgeukia. "Kitu kimoja. Niache nicheze kesho. Kule nje nikisahau njia, watu wananionea huruma, na wananishika kiwiko. Hapa nikisahau njia wananipigia makofi. Ni hapa tu palipobaki duniani."

"Na cha pili?"

"Nani amesema kuna cha pili?"

"Uso wako."

Stanley alishusha pumzi. "Mchukue mwanangu. Nimemwambia aende. Hataki, mbishi kama mama yake. Nyumba za wazee zipo, na Edna yupo, ingawa supu yake ni adhabu. Mchukue, Imogen. Anakupenda mpaka anakera. Akiranda mbao anapiga mluzi wa nyimbo zako za mchezo, zile za kipuuzi."

Imogen alimshika mkono. Ulikuwa mkono mkubwa wa tarishi, na kucha zimepakwa rangi ya waridi.

Mzee aliutazama ule mkono uliomshika. Kitu kilipita machoni mwake, kama pazia linaloshushwa kabla ya wakati.

"Wewe ni msichana wa nani, mpenzi?" aliuliza kwa upole. "Umemleta nani kwenye mchezo?"

*

Asubuhi Imogen aligonga mlango wa karakana. Callum alifungua akiwa hajanyoa. Imogen alimpa karatasi bila salamu.

"Soma."

Alisoma akiwa amesimama, mlango wazi, baridi ikiingia. Imogen alimtazama akisoma, akajiruhusu kumtazama kwa pupa: nyusi zinazokutana akiwaza, kovu la patasi kidevuni, midomo inayotembea kama ya mwanafunzi. Alikuwa anakusanya akiba.

"Yaya Kastadi," Callum alisema hatimaye. "Ni nani huyu?"

"Pacha wa Yaya Pudini. Hawajawahi kuachana tangu tumboni. Kila mahali wako wameshikana mikono. Mmoja akianza sentensi, mwenzake anaimalizia. Akikosea jina, pacha anamsahihisha na kumpiga kwa mkoba, watoto wanacheka. Akipotea jukwaani, pacha anamrudisha. Hata akisema jambo lolote lile, lipo mchezoni. Nimeyapanga maneno yote upya hivyo. Bi Edna amekubali. Amelia kwanza, halafu amesema gauni la akiba lipo, atalipanua mabega."

"Nani atakayemcheza?"

Imogen alimtazama yeye. Nani mwingine angeweza kuzijua sentensi za Stanley kabla Stanley hajazimaliza? Nani mwingine alikuwa Ormerod?

Callum aliishusha ile karatasi. "Na mwakani?"

"Mwakani atakuhitaji zaidi."

"Na mwaka wa kufuata?"

"Callum, usinifanye nihesabu."

Alielewa. Imogen aliona akielewa, kuanzia machoni, ikashuka mpaka kwenye mabega. Kwa kalamu yake mwenyewe alikuwa amemwandikia mwanamume wake mahali pa kubaki, na mahali hapo hapakuwa na nafasi ya mwandishi.

"Ulisema nisibaki," Imogen alisema. "Sawa. Lakini sikubali ubaki hivihivi, umekaa jikoni unamtazama akizimika. Ukibaki, baki unacheka naye. Hicho ndicho nilichoweza. Ningekuwa fundi ningekutengenezea kitu kingine."

Callum alimvuta kifuani. Maranda ya mbao yalikuwa kwenye sweta yake, yakamwingia Imogen nywelani, naye hakuyatoa. Walikaa hivyo, mlango wazi, wapita njia wakitazama, mpaka kengele ya kanisa ikawakumbusha kwamba kuna mavazi ya kujaribu.

*

Ramsclough haijawahi kucheka vile.

Mapacha wawili waliingia wameshikana mikono, mmoja amevaa rangi ya nyanya, mwingine ya haradali, na kabla hawajafungua kinywa bibi za safu ya mbele walikuwa wanajifuta macho. Stanley alisahau sindano zilipo, Callum akamwambia, "Umezikalia, dada!" Stanley alimwita mfalme kwa jina la mwenye duka la samaki, Callum akampiga kwa mkoba, na mwenye duka la samaki, aliyekuwa safu ya nne, akasimama akapunga mkono. Mzee aling'aa. Kila alipoyumba, mkono wa mwanawe ulikuwa pale, na ukumbi mzima ukadhani ule ni ufundi. Ulikuwa ufundi.

Imogen alikuwa kwenye kiti chake, karatasi magotini. Hakunong'ona hata neno. Hakuna aliyekwama. Kufikia mapumziko alikuwa ameshafahamu kwamba kiti kile hakina kazi tena.

Treni ya kumpeleka kwa mama yake Norwich ilikuwa ya saa kumi. Huko angekula Krismasi, na kutoka huko angekwenda Glasgow peke yake. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, sanduku miguuni, Callum alipomjia na gauni lake la haradali, wigi imepinda, jasho limechora mifereji kwenye poda.

"Unaondoka kabla ya mwisho."

"Mwisho naujua. Niliuandika."

"Angalau muage baba."

"Nimemuaga. Ameniambia nimsalimie mume wangu."

Walitazamana, na kwa sababu alikuwa na midomo iliyochorwa mpaka puani na kifua cha mito, Imogen alianza kucheka, Callum naye akacheka, kisha kicheko kikawageuka wote wawili. Callum alimbusu. Lilikuwa busu lenye ladha ya rangi na chumvi. Alipojitenga, wekundu wa Yaya ulikuwa umebaki mdomoni mwa Imogen.

"Nimekupaka," alisema, akainua kidole kumfuta.

"Usinifute."

Kengele ililia. Mapumziko yalikuwa yamekwisha. Wachezaji walipita mbio nyuma yao, Mena akijipiga paja kwa mazoea ingawa hakuna aliyemtazama, na Bi Edna akimwongoza kaka yake kuelekea kwenye mwanga. Bi Edna aligeuza shingo, akamwona Imogen na sanduku lake. Alifungua mdomo, akaufunga, halafu akasema, "Jifunge skafu, mwanangu. Stesheni kuna upepo." Akaenda zake.

"Naye?" Callum alisema. "Sasa hivi ndiyo anakuita hivyo?"

"Callum." Imogen alimshika lile gauni kwa ngumi mbili. Alikuwa ameapa tangu asubuhi kwamba hatalisema, na likamponyoka. "Niombe nibaki. Usifikiri. Niombe tu, mara moja, nami sitakuangalia vile maisha yangu yote, nakuapia. Niombe."

Midomo ya Callum ilifunguka. Imogen aliliona neno likipanda kooni mwake. Aliliona kabisa.

Jukwaani pakawa kimya. Si kimya cha mchezo. Mwandishi anaijua tofauti. Halafu ikasikika sauti ya Mzee Stanley, si ile nyembamba ya Yaya, bali yake mwenyewe, iliyopotea.

"Callum? Callum wangu yuko wapi?"

Watoto mia kadhaa walidhani ni mchezo. "Hayupooo!" waliitikia kwa furaha.

"Alikuwa hapa sasa hivi. Nilikuwa nimemshika mkono. Mmemwona mwanangu?"

"Hapanaaa!"

Callum aliganda. Uso wake wote uliochorwa kucheka ulikuwa umekunjamana. Alitazama kule kwenye mwanga, akamtazama Imogen, akatazama kwenye mwanga.

"Imogen…"

Imogen alifungua ngumi zake. Kitambaa cha haradali kilikuwa kimejikunja pale alipokishika, naye alikilainisha kwa kiganja, kama mke anayemtengeneza mumewe kwenda kazini.

"Nenda."

Callum alikusanya sketi zake kwa mikono miwili, akakimbia.

Imogen alisikia ukumbi ukilipuka. "Huyooo! Huyo nyuma yako! Nyuma yako!" Alisikia vishindo vya buti za fundi chini ya gauni la kike. Kisha, katikati ya kelele zile, sauti ya mzee, karibu sana na kilio:

"Nilidhani umekwenda."

"Sikwenda, Baba," Callum alijibu. "Nipo. Nipo hapa."

Watoto walishangilia. Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi; Imogen hakuyaandika. Alinyanyua sanduku, akausukuma mlango kwa bega, akatoka mvuani na mdomo wake mwekundu.